Wastani wa Minazi ya Jirani

Nilitawishwa, yaani niliwekwa ndani kama mwari, mwezi mmoja baada ya kufundishwa wastani. Nayataja mambo hayo mawili pamoja kwa sababu ndivyo yalivyonijia, na kwa miaka miwili na zaidi sikuweza kuyatenganisha.

Mwalimu wetu wa darasa la nne alitufundisha wastani kwa urefu wetu wenyewe. Alitusimamisha ukutani mmoja mmoja, akatia alama ya chaki juu ya utosi wa kila mtoto, kisha akapima kila alama kwa rula ndefu ya mbao. Tulikuwa kumi na wanane, na wasichana tulikuwa watatu tu. Tulijumlisha inchi zote ubaoni, tukagawanya kwa kumi na nane, ikatoka hamsini na mbili kamili.

"Nani hapa ana inchi hamsini na mbili?" akauliza.

Tukatazamana. Mmoja alikuwa na hamsini na moja, wawili hamsini na tatu. Hamsini na mbili hakuwa nayo mtu.

"Basi mtoto huyu yuko wapi?"

Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Hayupo. Ni mtoto wa hesabu. Lakini nikitaka kuagiza madawati, nitaagiza kwa kipimo chake yeye, na nyinyi nyote mtaketi kwenye dawati la mtu ambaye hayupo."

Somo lile nililipenda kuliko yote niliyowahi kufundishwa. Nilirudi nyumbani nikimpima kila mtu. Nikachukua umri wa mama, wa baba, wangu na wa mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, nikawaambia kuwa mtu wa wastani katika nyumba yetu ana miaka ishirini na miwili. Mama akasema mtu huyo na aje amsaidie kutwanga.

Kisha nikavunja ungo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama alinifunga kanga mbili, akanionyesha chumba cha ndani, akaniambia shule imekwisha. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuambia kuwa mchele umekwisha. Wasichana wenzangu wawili walikuwa wameshatolewa kabla yangu, kwa hiyo sikuwa na haki ya kushangaa, lakini nilishangaa.

Nyumba yetu ilikuwa Kinondo, ya udongo na mawe, ya vyumba vitatu na ukumbi. Mbele kulikuwa na baraza, nyuma kulikuwa na ua wa makuti uliopanda juu kuliko kichwa cha mtu. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja dogo lililokaa juu karibu na dari, lenye vijiti vinne vya mkoko badala ya nondo. Nikipindua kinu na kusimama juu yake niliweza kuona baraza, kipande cha njia, na shamba la jirani yetu. Uani niliruhusiwa kutoka kama hapakuwa na mwanamume mgeni. Akisikika mtu anabisha hodi, nilikimbilia ndani hata kama mikono ilikuwa imejaa tui.

Kazi yangu ilikuwa kusuka ukili wa mikeka. Ukili hupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Siku ya kwanza nilisuka pima mbili, siku ya pili tatu, siku ya tatu moja tu kwa kuwa kidole kilivimba. Nikagawanya: pima mbili kwa siku. Nikahesabu tena: kama nitaolewa baada ya mwaka, nitakuwa nimesuka kiasi gani? Nikaupata urefu, nikaulaza mawazoni kwenye njia ya kwenda Msambweni, nikatembea juu yake mpaka ukakatika. Ilikuwa dunia yangu yote ya kutembelea.

Baba yangu aliitwa Karani na watu wote wa pale, ingawa karani hasa hakuwa. Ofisi ya kilimo ilikuwa imemwandika kuzunguka mashamba ya nazi kutoka kwetu mpaka Galu. Wakwezi walipoangua, yeye alihesabu nazi na kuziandika kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Mwaka ukiisha alitakiwa kujumlisha nazi za kila shamba, kugawanya kwa idadi ya minazi, na kuandika wastani wa mti mmoja. Baba alisoma chuo cha Kurani, na Kurani aliijua vizuri, na tarakimu alijifundisha ukubwani. Kujumlisha alijua. Kugawanya kulimshinda. Kwa miaka mingi rafiki yake mmoja wa ofisini alimfanyia hesabu hizo kimyakimya, mpaka rafiki huyo akahamishiwa Kinango.

Hayo yote sikuyajua. Nilichojua ni kwamba alasiri moja, baada ya sala, nilimsikia baba ukumbini akinong'ona namba zilezile kama mtu anayesoma uradi.

"Mia tatu na sitini na nane kwa kumi na sita. Mia tatu na sitini na nane kwa kumi na sita."

Kati yetu palikuwa na pazia tu. Nilikuwa nasuka, na mdomo wangu ulifunguka kabla sijauuliza.

"Ishirini na tatu, baba."

Pazia likafunguliwa. Baba alisimama na penseli mkononi, jasho limemtoka kwenye mashavu.

"Nani amekwambia?"

"Nimegawanya."

"Wapi?"

"Kichwani."

Akarudi kwenye daftari, akapekua kurasa. "Mia tano na nne kwa kumi na minne."

"Thelathini na sita."

Alitazama mlango wa mbele, akatazama ua, kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake. Kisha akaketi palepale kizingitini, akaniwekea daftari mapajani juu ya ukili wangu.

"Usimwambie mtu," akasema.

Ningemwambia nani?

Tangu siku ile alinijia kila alasiri. Alinisomea namba, mimi nikagawanya, yeye akaandika kwa mwandiko wake mzuri. Niliyajua mashamba ya watu wote bila kuyaona. Nilijua la nani linakauka na la nani linastawi. Siku nyingine nilipata namba ndogo kuliko ya mwaka uliopita, nikamuuliza baba kuna nini huko, akaniambia chonga wameingia, wale wadudu wenye pembe wanaotoboa kichwa cha mnazi mpaka ukafa. Nikarudi kusuka nikiwaza juu ya shamba hilo nusu siku. Nilikuwa na furaha, siwezi kukana. Ila ilikuwa furaha ya mtu anayeletewa maji kwa kijiko.

Mchumba wangu alikuwa ameshapatikana. Alikuwa mtu wa Jego, mkulima, ndugu wa mbali wa upande wa baba, na watu wazima walikuwa wamekubaliana. Ilisemwa nitaolewa baada ya mfungo. Mfungo ukapita. Ikasemwa baada ya mavuno ya mahindi. Mavuno yakapita. Wajumbe wakaja kutoka Jego, wakala, wakaondoka, na baba akawaambia kuna mambo hayajakaa sawa. Mimi nilidhani ananihurumia. Nilijua wasichana walioozwa wakiwa wadogo kuliko mimi, nikamwombea baba dua kila sala.

Siku moja mama alikuwa ananisuka nywele uani. Alivuta kichana kwa nguvu kuliko kawaida.

"Wewe unadhani baba yako hataki kukuoza kwa sababu gani?"

"Labda bado mdogo."

"Mdogo!" Mama akacheka bila furaha. "Binti yangu, baba yako hataki kukuoza kwa sababu anataka kugawanya."

Mama aliendelea kusuka, mstari mmoja baada ya mwingine.

"Mwari hukaa ndani akingoja kitu," akasema. "Wewe hungoji kitu. Wewe umewekwa."

Usingizi ulinipaa siku kadhaa kwa maneno yale. Nikikataa kugawanya, naolewa Jego, mahali nisipojua mtu. Nikigawanya vizuri, nakaa chumbani mpaka nywele ziwe nyeupe. Nikafikiria kukosea kidogo kidogo kwa makusudi, lakini sikujua kukosea kutanifikisha wapi. Nikaendelea kupata majibu sahihi.

Jirani yetu alikuwa bibi mjane, mwenye shamba lililopakana na ua wetu. Hakuwa na mtoto aliye hai. Aliishi kwa minazi yake: nazi, makuti, ufagio, mafuta ya kupaka aliyoyapika mwenyewe. Yeye alikuwa miongoni mwa wachache walioruhusiwa kuingia mpaka chumbani kwangu, na alipokuja alinipa habari za nje bila kuzichuja.

Asubuhi moja alikuja akaketi uani juu ya kibao cha mbuzi, asitoe salamu yoyote. Mimi ndiye niliyemwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Kisha akamtazama mama. "Wanakuja kukata minazi yangu."

"Nani?"

"Watu wa ofisi. Wamesema shamba ambalo mnazi hautoi nazi thelathini kwa mwaka, linakatwa lote na kupandwa upya, kwa ajili ya chonga. Wamesema mimi wangu unatoa ishirini na nne." Alinyoosha vidole vyake vilivyopinda. "Wakipanda leo nitakula nazi hizo lini? Nikiwa na miaka mingapi?"

Mikono yangu ilisimama. Ishirini na nne nilikuwa naikumbuka. Nazi mia nne na themanini, minazi ishirini. Niliigawanya mimi, katikati ya nyingine, nikiwa na haraka kwa sababu wali ulikuwa jikoni.

"Bibi," nikasema, "minazi yako ni ishirini?"

"Ukihesabu magogo, ni ishirini. Lakini mitatu haina vichwa, chonga wameshaimaliza, imesimama tu kama nguzo. Na mitano nimeipanda nilipotoka edani. Haijazaa hata kidaka kimoja."

Nikatoa mitatu, nikatoa mitano. Ikabaki kumi na miwili. Mia nne na themanini kwa kumi na miwili ni arubaini. Nilihesabu mara ya pili, kisha mara ya tatu, nikiomba nipate kitu kingine. Ilikuwa arubaini. Minazi ya bibi ilikuwa mizuri kuliko ya nusu ya watu wa Kinondo, na mimi nilizigawa nazi zake kwa magogo matatu yaliyokufa na miche mitano ya kitoto pia, nikaifanya ionekane migonjwa.

Alasiri baba alipokuja na daftari sikungoja anisomee.

"Baba, ya bibi si ishirini na nne. Ni arubaini."

Akanisikiliza mpaka mwisho. Alielewa, nililiona hilo usoni mwake. Halafu akafunga daftari.

"Hesabu imeshapelekwa."

"Si ungewaambia imekosewa?"

"Wataniuliza imekosewa vipi. Wataniambia nigawanye mbele yao." Alishusha sauti. "Nitawaambia nini? Kwamba kazi ya ofisi inafanywa na mwari chumbani?"

"Lakini watamkata bibi minazi yote."

"Watampandia mingine."

"Baba, bibi ana miaka sabini."

Alisimama, akashusha pazia. Alisimama upande wa pili kwa muda mrefu. Niliviona vidole vya miguu yake chini ya pazia. Kisha vikaondoka.

Walikuja siku nne baadaye, saa tatu ya asubuhi. Bwana Shamba alikuwa Mzungu mrefu mwenye kofia ya turubai, na Kiswahili chake kilikuwa cha kueleweka. Alifuatana na watu wawili: mmoja wa shoka, mwingine wa kopo la rangi nyekundu ya kutilia alama. Mama alikuwa kisimani. Nilipindua kinu, nikapanda, nikashika vijiti vya dirisha. Baba alikuwa amewakaribisha barazani, chini yangu kabisa. Bibi alikuwa ameketi mchangani mbele yao, kanga kichwani, na alikuwa anazungumza.

"...njooni mwone makole yake ya nazi wenyewe. Macho mnayo."

"Nimeona," Bwana Shamba akasema. Akamgeukia baba. "Karani, mimi pia nimeona. Minazi ile ina nazi nyingi. Wewe umeandika ishirini na nne. Umepataje?"

"Nimegawanya, bwana."

"Sawa. Gawanya tena hapa, nione mimi."

Alimpa karatasi. Nilikiona kichwa cha baba kutoka juu, kofia yake iliyofuliwa, na shingo. Nilisikia penseli ikikwaruza. Ikaacha. Ikakwaruza tena. Baba aliandika mia nne na themanini, akaandika ishirini kando yake, akachora mstari, na baada ya mstari ule hapakuwa na kitu. Mtu wa kopo alianza kukoroga rangi kwa kijiti. Nilikuwa naiona shingo ya baba ikilowa, na sijawahi kuwa na hamu ya kuvunja ukuta kama siku ile. Jibu lilikuwa kinywani mwangu. Nikinyamaza, bibi anakatiwa minazi na baba anaaibika pia. Nikisema, wanaume wageni watatu wanasikia sauti yangu, na baba anaaibika zaidi. Nilitafuta njia ya tatu juu ya kile kinu. Haikuwepo.

"Nazi mia nne na themanini," nikasema, "minazi ishirini. Ni ishirini na nne."

Wote wakainua vichwa. Nikarudisha uso nyuma, lakini sikushuka.

"Lakini mitatu haina vichwa na mitano haijaanza kuzaa. Minazi inayozaa ni kumi na miwili. Nazi zote zimetoka kwenye hiyo kumi na miwili. Basi wastani wake ni arubaini."

Kuku alipita mbele ya baraza na nilisikia kucha zake.

"Nani huyo?" Bwana Shamba akauliza.

Baba angeweza kusema ni mtoto anacheza. Angeweza kusema ameyasikia kwake. Nilingoja aseme hivyo, na ningemsamehe.

"Ni binti yangu."

"Yeye ndiye anafanya hesabu?"

Baba aliweka penseli chini. "Ndiye," akasema.

"Mwite aje."

"Hatoki, bwana. Ni mwari."

Bwana Shamba akaitazama ile karatasi, kisha akasogea mpaka chini ya dirisha na kuzungumza na ukuta. "Mashamba yote umegawanya wewe?"

"Ndiyo."

"Na yote umegawanya kwa miti yote, hata iliyokufa?"

"Nimegawanya kwa namba niliyosomewa," nikajibu. "Sijaiona miti."

Akamwambia mtu wa kopo afunike rangi yake.

Shamba la bibi halikukatwa siku ile wala baadaye, isipokuwa yale magogo matatu. Bwana Shamba aliamuru mashamba yote arubaini na moja yahesabiwe upya: minazi inayozaa safu yake, michanga safu yake, isiyo na vichwa safu yake. Alimpa baba wiki mbili. Kwa wiki mbili hizo baba alizunguka tangu alfajiri, akarudi vumbi limempanda mpaka magotini, akakaa kizingitini na kunisomea. Hakunigombeza. Hakuniambia neno lolote lisilokuwa la hesabu. Nilitamani anipige, ili tumalize.

Safari hii nilimwomba asinisomee jumla tu, anisomee kila mnazi na nazi zake, na akakubali. Ndipo nilipokutana na shamba moja la minazi kumi. Jumla yake ilikuwa mia tatu na ishirini, wastani thelathini na mbili, yaani salama, halikatwi. Lakini minazi miwili ilikuwa inazaa mia mia, na ile minane mingine kumi na tano tu kila mmoja. Minazi minane ilikuwa inakufa, na miwili ilikuwa inaificha. Nilimwambia baba. Akasema Bwana Shamba ameuliza wastani, hakuuliza zaidi ya hapo. Nikachukua penseli, nikaandika mwenyewe chini ya ukurasa ule, kwa Kiswahili, kwamba shamba hili litazamwe mti mmoja mmoja. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya, wa darasa la nne. Sikujua kama kuna mtu aliusoma.

Daftari lilipopelekwa, ofisi ilileta kijana aliyesomea kazi hiyo, na baba akapelekwa Msambweni kutunza kitalu cha miche. Hakufukuzwa, ila watu waliendelea kumwita Karani, na kila alipoitwa nilimwona akiinamisha macho. Maneno nayo yalitembea. Ilisemwa binti yake amejibizana na Mzungu dirishani. Mama alisema sasa hapana la kungoja, na kweli halikuwepo. Wajumbe wa Jego waliitwa, siku ikawekwa mwezi uliofuata.

Siku mbili kabla ya harusi baba alikuja kizingitini pake pa kawaida, mikono mitupu. Nilikuwa nimeshatiwa hina, siwezi kushika kitu.

"Nilikuwa nikiahirisha," akasema.

"Najua, baba."

"Haikuwa kwa ajili yako."

"Najua."

"Uliposema pale dirishani," akaanza, kisha akaacha, akajaribu tena. "Ningeweza kukukana."

"Hukunikana."

"Sikukukana," akasema, kana kwamba alikuwa anahakikisha jibu. Akainuka, akaniwekea mkono kichwani, akasoma dua, akatoka.

Nilipelekwa Jego nimefunikwa, kwa hiyo njia ile ndefu ya kusini sikuiona. Mume wangu alikuwa mtu mkimya, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na mitatu, na hakuwa mbaya. Nilikaa ndani siku saba za fungate, kisha miezi miwili zaidi kwa heshima ya ubibiharusi, na sikuona tofauti kubwa: chumba kingine, dirisha jingine, hili likiwa chini kidogo. Niliwaza kwamba nimehamishwa tu, kama alivyohamishwa baba.

Kisha msimu wa mpunga ukafika. Mama mkwe wangu alinijia alfajiri na majembe mawili, moja akaniwekea miguuni.

"Haya, twende."

"Wapi?"

"Shamba. Kwenu wanawake hawalimi?"

Nilitoka nyuma yake. Hakuna aliyenifunika uso. Mabonde ya mpunga yalikuwa mbali, mwendo ambao yeye aliuenda akiimba, jembe begani. Jua lilipochomoza macho yaliniuma mpaka yakatoa machozi, ikabidi nitembee nikitazama visigino vyake. Hatujafika hata nusu, miguu ilianza kunitetemeka, kuanzia kwenye vigimbi mpaka mapajani. Nikaketi kando ya njia, kwenye majani yenye umande.

Mama mkwe akarudi, akaniinamia, akanitazama tumbo kwa furaha aliyojaribu kuificha.

"Una nini, mwanangu? Kichefuchefu?"

"Hapana, mama."

"Sasa una nini?"

Niliona haya kumwambia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na miezi kadhaa, mzima wa mwili, sina homa.

"Nimesahau kutembea," nikamwambia.

Alinitazama vizuri. Akaweka jembe lake chini, akaketi kando yangu, akanyoosha miguu. Akauchukua mguu wangu mmoja na kuuweka mapajani mwake, akaanza kuukanda kwa viganja vyake vigumu, bila kuniuliza zaidi. Wanawake wengine walitupita na majembe yao, wakatusalimu, akawaitikia. Alipomaliza mguu mmoja akashika wa pili.

"Leo tutafika hapa tu," akasema. "Kesho tutafika pale kwenye mkunazi. Ukiweza."

Kesho yake niliweza kufika mkunazini, na zaidi kidogo. Bondeni kwenyewe nilifika siku ya tano, nikalima mstari mmoja, na nilipoinua kichwa sikuona ukuta upande wowote. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Nilikasirika sana, sijui nilimkasirikia nani, na nikalima mstari wa pili kwa hasira ile mpaka mama mkwe akaniambia nipunguze, mpini utavunjika.